Kutu kwenye pikipiki za kruza huku Pwani: anza na maji unayooshea

#1 KruzaKigamboni

Wakuu, salaam.

Swali la kutu linarudi kila masika yakiisha. Mtu ameshusha kruza yake (zile pikipiki ndefu za siti ya chini) kutoka Japani, imetoka bandarini inang'aa. Mvua za msimu mmoja tu, eksozi ina madoa ya kahawia, spoku zimefifia, bolti za injini zimezungukwa na unga mweupe. Akiuliza anajibiwa "paka dizeli" au "tafuta polishi nzuri". Nimeamua nifungue uzi tulijadili jambo hili kwa kina, kwa sababu inaniuma kuona pikipiki iliyodumu miaka 20 Japani inamalizwa Dar ndani ya miaka miwili.

Boxer au TVS sehemu kubwa ni rangi na plastiki. Kruza kama DragStar, Virago, Shadow na ndugu zao uzuri wao wote uko kwenye chuma kilicho wazi: eksozi, usukani, kava za injini, vishikio vya taa, rimu, spoku. Karibu vyote hivyo vimepakwa kromu, na watu wengi wanaamini kromu ni ngao. Si kweli. Kromu yenyewe haishiki kutu, lakini ni tabaka jembamba mno, kwa kawaida halifiki hata mikroni moja. Limelazwa juu ya nikeli, na nikeli ndiyo imelazwa juu ya chuma. Tabaka hilo lina nyufa na vitundu ambavyo jicho halivioni. Maji ya chumvi yakikaa hapo juu yanapenya taratibu mpaka kwenye chuma, na kutu inaanzia chini ndipo itokeze. Ukiona doa la ukubwa wa kichwa cha sindano, ujue huko chini limeshatanuka.

Sasa chumvi. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka kwa kunyonya unyevu wa hewa pale unyevu unapofika kama asilimia 75. Dar na Tanga unyevu wa usiku unapita hapo karibu mwaka mzima. Kwa hiyo pikipiki yenye chembe za chumvi inalala imelowa hata kama mvua haijanyesha na hujaigusa maji. Ukivuka na pantoni pale Magogoni, au ukipita Daraja la Tanzanite jioni upepo wa kusi ukiwa unavuma, umebeba chumvi mpaka nyumbani.

Kitu ambacho wengi hawakijui: sehemu zinazoanza kuoza ni zile ambazo mvua haizifikii. Juu ya tanki mvua inasuuza chumvi yote. Chini ya madigadi, chini ya siti, upande wa chini wa usukani, nyuma ya eksozi inapokaribia fremu, huko chumvi inajikusanya wiki hadi wiki. Chukua tochi ya simu, lala chini kabisa, angalia pikipiki yako kutokea huko. Utashangaa.

Halafu hili ndilo lililonifanya nifungue uzi. Wengi wetu tunaoshea maji ya kisima. Visima vingi vya Kigamboni, Mbezi, Kunduchi, mpaka Bagamoyo, maji yake yana chumvi. Unaosha vizuri, unaiacha ikauke juani, unaenda zako umeridhika. Kumbe umeipaka chumvi mwili mzima, tena umeiingiza mpaka kwenye maungio ambako upepo wa bahari usingeifikisha.

Pima mwenyewe. Tafuta kifuniko cheusi cha ndoo au kipande cha kioo. Weka kijiko cha maji ya kisima upande mmoja na kijiko cha maji ya mvua upande wa pili, acha juani mpaka yakauke kabisa. Upande wa mvua utaona vumbi kidogo au hakuna kitu. Upande wa kisima cha chumvi utaona duara jeupe lenye ukingo mzito, ukigusa kwa kidole linakwaruza. Hilo duara ndilo linalobaki ndani ya kila tundu la bolti ya pikipiki yako kila Jumamosi.

Nitaendelea na namna ya kuosha na kukausha. Karibuni kwa maswali.

#2 Mtaa_wa_Pili

Shusha nondo mkuu, nafuatilia. Nina Virago 250 inakaribia kufika, huu uzi umekuja wakati wake.

#3 KruzaKigamboni

Naendelea.

Kuosha: maji ya bomba au ya mvua. Mimi nina simtanki chini ya bati kwa kazi hii tu. Kama huna njia nyingine zaidi ya kisima, osha na maji ya kisima, lakini suuza ya mwisho iwe ndoo mbili za maji baridi yasiyo na chumvi. Mwaga taratibu kuanzia juu, usisahau tumboni.

Sabuni ya unga ya kufulia iacheni. Ni kali kwa alumini na inabaki kwenye pembe. Sabuni ya kuoshea vyombo nyingi zina chumvi ndani yake ili ziwe nzito, na zinaondoa waksi yote uliyopaka. Tafuteni shampuu ya gari. Kopo moja linakaa muda mrefu sana.

Mashine ya presha pale wanapooshea magari, muombe kijana asielekeze kwenye beringi za magurudumu, shingo ya usukani, viunganishi vya nyaya wala radieta. Presha ile inasukuma maji kupita sili, grisi inatoka, maji yanakaa. Kutu ya ndani ya beringi huioni mpaka gurudumu lianze kulia.

Kukausha ndiyo kazi yenyewe. Kitambaa kinakausha unachokiona. Maji yaliyoko kati ya mapezi ya injini, kwenye vichwa vya bolti na vichwa vya spoku hayatoki kwa kitambaa. Mwenye kompresa au blowa ya kupulizia vumbi aitumie. Asiye nayo, aiwashe aende mzunguko mrefu barabarani mpaka injini ichemke kweli, kisha aiache kivulini penye hewa. Usiifunike ikiwa na majimaji.

#4 FundiSpana

Kruza, umeongea vizuri ila kwenye dizeli sikubaliani na namna unavyoigusa. Sisi gereji tumepuliza dizeli iliyochanganywa na oili chini ya pikipiki na magari miaka yote, na yanayopuliziwa yanadumu kuliko yasiyopuliziwa. Si kila mtu ana hela ya makopo ya kutoka nje. Boda anayelala Temeke umwambie atafute nini?

#5 KruzaKigamboni

FundiSpana, heshima yako. Mchanganyiko wa oili unasaidia, sipingi. Oili ndiyo inayofanya kazi pale, dizeli inaibeba tu ili ipenye. Shida zangu ni tatu. Dizeli inavimbisha mpira, na kruza ina buti za mpira, hozi na sili nyingi zilizo jirani na fremu. Inashika vumbi, na vumbi la Pwani lina chumvi, kwa hiyo baada ya mwezi una tope la mafuta na chumvi limegandamana na chuma. Halafu inachuruzika mpaka kwenye tairi na diski.

Kwa mtu asiye na hela nyingi: oili safi ya injini kwenye kitambaa, pakaza kwa mkono sehemu za fremu za ndani, stendi na chini ya siti. Si kupuliza. Spoku na vichwa vyake pia, ila kule vaa glavu na ufute mpaka ibaki filamu tu, mafuta yasirukie tairi. Pale unapotaka kinga nzito isiyosuuzika haraka, kuna bidhaa za nta na za lanolini, yaani mafuta ya sufi ya kondoo, na kuna ACF-50, dawa ya kuzuia kutu iliyotengenezwa kwa ajili ya ndege. Hizo zinang'ang'ania hata maji yakipita.

WD-40 watu wanaitumia kama kinga ya kudumu, sivyo. Ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, kazi yake ikiwa kuondoa maji. Hata hilo jina ni ufupisho wa kuondoa maji, jaribio la 40. Kazi hiyo inaifanya vizuri mno. Pulizia baada ya kuosha, iondoe maji kwenye maungio, kisha paka kitu kizito juu yake. Ukiishia kwenye WD peke yake huku Pwani, filamu yake haikai muda mrefu.

#6 FundiSpana

Hapo kwenye mpira nimekuelewa. Ni kweli buti za kabureta za Shadow nimeshazitoa zimelainika kama ulimi, mwenyewe alikuwa anapulizia dizeli kila wiki.

Niongeze kitu cha gerejini. Bolti za chuma zilizoingia kwenye injini ya alumini. Vyuma viwili tofauti vikigusana na maji ya chumvi yakawa katikati, vinafanya betri ndogo, na anayeliwa ni alumini. Huo unga mweupe aliousema Kruza ndio alumini yenyewe inakwisha. Siku unataka kubadili klachi, bolti ya kava imeshikana, unaikata kichwa, unaanza kuchimba. Mteja anaona fundi mbaya.

Ukifungua bolti yoyote kwa sababu yoyote, kabla ya kuirudisha piga uzi wake brashi ya waya, paka grisi kidogo. Ila usikaze kwa nguvu ile ile ya bolti kavu. Yenye grisi inateleza, inaingia zaidi, unaweza kung'oa uzi wa alumini.

#7 Mpanda_Nduthi_Nyali

Habari wandugu, mimi ni wa Mombasa. Yote mliyosema ndiyo tunayoishi nayo. Nduthi (pikipiki) yangu navuka nayo feri ya Likoni kwenda kazini, na nimejifunza kuegesha katikati ya feri, mbali na mlango wa mbele ambako maji huruka. Nikifika ng'ambo nina chupa ya kupulizia yenye maji ya mfereji na kitambaa. Nafuta shoki za mbele na usukani pale pale, dakika chache tu.

Nasema shoki kwa sababu gani: zile bomba za mbele zikipata vishimo vya kutu, kila ukipiga breki kishimo kinapita kwenye sili kinaikwaruza. Oili inavuja, inashuka mpaka kwenye breki. Ni hatari, achana na uzuri.

#8 DadaShadow

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina Shadow 400, tatizo langu liko ndani ya tanki. Nikimulika na tochi kupitia mdomo wa tanki naona ukuta wa juu una rangi ya matofali. Pikipiki inakosa nguvu, fundi ameosha kabureta mara kadhaa, tatizo linarudi. Ninashauriwa ninunue tanki lingine. Je, kuna namna?

#9 KruzaKigamboni

Dada, namna ipo, kama tanki halijatoboka.

Kwanza kwa nini ukuta wa juu: unaendesha tanki likiwa robo. Nafasi tupu imejaa hewa ya Pwani, usiku inapoa, unyevu unaganda kwenye chuma cha juu kisichofikiwa na petroli. Maji yanatiririka yanakaa chini kabisa karibu na koki. Chembe za kutu zinakwenda kuziba jeti za kabureta, yaani vile vitundu vidogo vya kupitishia petroli. Kuosha kabureta bila kugusa tanki ni kupoteza hela.

Kazi yenyewe: mwaga petroli yote nje, mbali na moto, sigara na jiko. Mvuke wa petroli unabaki hata tanki likionekana kavu, kwa hiyo asisogee mtu na mashine ya kuchomelea. Toa koki na geji, ziba matundu vizuri. Osha ndani kwa maji na shampuu mpaka mafuta yatoke, la sivyo siki haitagusa chuma. Kisha jaza siki nyeupe mpaka juu kabisa, ile ya kawaida yenye asilimia 5 inatosha. Acha siku nzima, angalia, ikibidi siku mbili. Siki ikimwagika kwenye rangi suuza mara moja.

Ukiridhika, mwaga, suuza, halafu weka maji yenye bekingi soda utikise ili kuua asidi iliyobaki. Suuza tena. Hapo sasa usiondoke kwenda kula. Chuma kilichosafishwa kiko uchi, kinaweza kugeuka rangi ya chungwa ndani ya saa chache. Pulizia hewa ya moto au kompresa mpaka kikauke kabisa, na hapo hapo mimina petroli iliyochanganywa na oili, zungusha tanki pande zote mpaka ukuta wote uloe. Mwaga, rudisha koki yenye chujio jipya, ongeza na chujio la petroli kwenye mpira.

Baada ya hapo tanki lako likae limejaa kila unapoegesha.

#10 Mtaa_wa_Pili

Kuna jamaa aliniambia anatumia magadi na chaja ya betri, kutu inatoka yenyewe bila siki. Ni kweli?

#11 KruzaKigamboni

Ni kweli inafanya kazi. Maji yenye magadi ya kufulia, kitu chenye kutu kinafungwa upande hasi wa chaja, kipande cha chuma cha kawaida upande chanya, visigusane. Kutu inalegea. Mimi naipenda kwa vitu vidogo kama stendi na mabano. Kwa tanki sikushauri kama hujazoea, kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni na hiyo inalipuka kwa cheche ndogo. Ifanyike nje, penye upepo, na zima chaja kwanza ndipo uguse nyaya.

Na tafadhali sana, upande chanya usiweke stenlesi. Inatoa kemikali za kromu zenye sumu kwenye yale maji. Kwa sababu hiyo hiyo vitu vilivyopakwa kromu visiingie humo kabisa.

#12 Salim_Muscat

Asalaam alaikum. Nipo Muscat, asili yetu Unguja. Joto la huku na bahari ya pale Matrah ni vile vile, chuma hakipumui. Nataka kuongelea kava. Watu wananunua turubai la plastiki, wanaifunga pikipiki kama mzigo wa meli. Mchana linachemka, usiku unyevu ulioko ndani unaganda kwenye kromu na hauna pa kutokea. Kava iwe ya kitambaa kinachopitisha hewa. Kama huna, kivuli bila kava ni bora kuliko plastiki. Na isiegeshwe juu ya udongo wala majani, unyevu wa chini unapanda.

#13 Baridi_Minnesota

Salaam kutoka Minnesota. Huku hatuna bahari lakini kutu tunaijua, maana wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na wanatumia pia kloridi ya kalsiamu na ya magnesi ambazo zinanyonya unyevu hata hewa ikiwa kavu zaidi. Waendesha kruza wa huku hawatoi pikipiki gereji siku theluji inapoisha. Wanasubiri mvua kubwa za mwanzo wa msimu zisuuze barabara kwanza.

Kabla ya kuilaza kwa baridi: ioshwe, ikaushwe, tanki liwe limejaa na dawa ya kuhifadhi petroli, oili mpya kwa sababu ya zamani ina asidi na maji, betri kwenye chaja ndogo ya kutunzia, chuma chote, isipokuwa diski za breki, kipate filamu ya mafuta. Nadhani mtu wa Dar anayesafiri miezi mitatu afanye hivyo hivyo.

#14 Mzee_wa_Tegeta

Mimi yangu naiwasha kila asubuhi dakika tano ikiwa imeegeshwa ili isilale. Nafikiri hiyo inasaidia pia na kutu?

#15 KruzaKigamboni

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hiyo inaharakisha kutu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Eksozi ikiwa imechemka yote, mvuke unatoka nje. Dakika tano hazitoshi kuichemsha mpaka mwisho, hivyo mvuke unageuka maji ndani ya mafla (lile kopo la eksozi la kupunguza kelele) na yanabaki humo, yamechanganyika na asidi ya moshi. Mengine yanaingia kwenye oili. Eksozi nyingi za kruza zinatoboka kutokea ndani, nje kromu bado inang'aa.

Bora uiache kabisa siku sita, ya saba uende nayo nusu saa barabarani. Angalia pia chini ya mafla, nyingi zina kitundu kidogo cha kutolea maji. Kama kimezibwa na tope, kizibue kwa waya.

#16 Mzee_wa_Tegeta

Marahaba kijana wangu. Nimekuelewa. Nimekwenda kuangalia sasa hivi, kitundu kipo na kimeziba kweli. Nimekizibua, maji meusi yametoka kama nusu kikombe.

#17 FundiSpana

Jambo moja la usalama kwa vijana wanaosoma huu uzi. Diski ya breki ikiwa na kutu nyepesi asubuhi baada ya mvua, iache. Inafutika ukishika breki mara chache. Usiipake oili, waksi wala WD. Na oili ya breki inanyonya maji yenyewe kutoka hewani, ndiyo inayootesha kutu pistoni za kalipa. Ibadilishwe angalau kila miaka miwili, na huku kwetu mimi nabadilisha mapema zaidi. Ikimwagika kwenye rangi suuza kwa maji haraka, inabandua.

#18 DadaShadow

Tanki limefanyika, kaka Kruza. Siki ilitoka nyeusi, ndani sasa ni kijivu safi. Pikipiki inavuta vizuri. Nikiwa naosha nimeona usukani una yale madoa madogo madogo, hasa karibu na kibano cha katikati. Nitumie stili waya?

#19 KruzaKigamboni

Hongera sana dada, nimefurahi kusikia hivyo.

Stili waya ya jikoni hapana, inachora kromu na kuacha mikwaruzo ambayo kutu itaingilia. Chukua foili ya jikoni, ikunje donge, ichovye kwenye maji, sugua taratibu bila kukandamiza. Alumini ni laini kuliko kromu kwa hiyo haikwaruzi, lakini kutu inaondoka. Utaona uji wa kijivu na kahawia unatokea, ufute kwa kitambaa chenye maji, angalia, rudia. Doa likitoka litaacha kitundu, hicho hakizibiki. Kausha kwa hewa, kisha paka waksi ngumu, isugue iingie kwenye vile vitundu, na uirudie kila baada ya wiki chache, kwa sababu pale kromu imeshafunguka.

Sehemu yenye rangi, kama fremu, ni habari nyingine: msasa mpaka chuma kionekane, dawa ya kugeuza kutu mpaka pawe peusi, praima, halafu rangi. Usiishie kwenye praima, inapitisha maji.

#20 DadaShadow

Nifungue na kibano chenyewe au nisugue pembeni tu?

#21 KruzaKigamboni

Fungua. Weka alama ya usukani ulipokaa kwa kipande cha selotepu kabla hujalegeza, ili urudi pale pale. Chini ya kibano maji ya chumvi yanakaa wiki nzima bila kukauka, na madoa uliyoyaona pembeni yametokea huko. Safisha, kausha, paka grisi kidogo kwenye nyuzi za bolti kama alivyosema FundiSpana. Usukani wenyewe pale unapobanwa uache mkavu bila grisi wala waksi, usije ukazunguka ukiwa barabarani. Kaza bolti za mbele na nyuma kwa zamu, kidogo kidogo.